Utungaji wa maswali ya mtihani wa leseni ya uuguzi

Ni kazi ya wauguzi na wakunga wazoefu kuandika na kuchuja maswali yanayompima mhitimu kabla hajakabidhiwa wagonjwa. Nchini Tanzania mtihani husimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya 2010. Marekani, mtihani wa leseni wa NCLEX hutegemea wauguzi wanaojitolea kuandika maswali. Mkunga wa Babati, Manyara, aliyewahi kukabili kifafa cha mimba usiku ana swali zuri kuliko lililonakiliwa kitabuni. Ugumu uko kwenye majibu ya uongo yanayowekwa pamoja na lile sahihi: yakiwa ya kipuuzi, hata asiyesoma hupata. Alama ya kufaulu nayo hupangwa na wataalamu: katika njia ya Angoff (1971), kila mtaalamu hukadiria watahiniwa wangapi kati ya 100 wenye umahiri wa kutosha tu watakaolipata swali. Wastani wa makadirio hayo kwa maswali yote ndio alama ya kufaulu.