Kleist Sykes, katibu wa Mtaa wa Kipata

Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894, akapewa jina la Kijerumani kwa sababu baba yake alikula mshahara wa Wajerumani. Baba huyo, Sykes Mbuwane, alikuwa mmoja wa askari wa Kizulu ambao Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliwachukua Msumbiji kuja kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani. Vita vya pwani vilipokwisha, wakapelekwa bara kuwakabili Wahehe wa Mkwawa, na huko Mbuwane akafa maji katika Mto Ruaha. Mtoto alilelewa na Effendi Plantan, Mzulu mwenzake Mbuwane.

Kwa hiyo alikulia katika mji wa wakoloni bila ukoo mkubwa wa kumshika mkono wala shamba la kurithi. Alichokuwa nacho ni kalamu. Alijifunza Kijerumani, hati mkato na kupiga chapa, ujuzi ambao Waafrika wachache mno waliupata siku zile. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alipigana upande wa Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck. Waingereza waliposhika nchi, akaajiriwa na reli ya serikali.

Mwaka 1924 Dk. James Aggrey, Mwafrika kutoka nchi ambayo leo ni Ghana, alipita Dar es Salaam na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Kleist alizungumza naye, na Aggrey akamhimiza kwamba Waafrika wa hapa wawe na chama chao. Miaka mitano baadaye African Association ikaundwa, mwalimu Cecil Matola akiwa rais na Kleist katibu.

Ukatibu ni kazi ambayo historia huipita haraka, nami naona si haki. Rais husimama mbele ya watu. Katibu ndiye anayeandika barua, kutunza kumbukumbu za mikutano na kufuatilia ada kwa mtu anayejifanya hayupo nyumbani. Tena wanachama wengi walikuwa makarani na walimu wa serikali, kwa hiyo kila neno lililoandikwa lilipaswa kupimwa. Kleist aliibeba kazi hiyo huku akiwa mwajiriwa wa serikali hiyohiyo. Mwaka 1933 akawa pia miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya, iliyofungua shule ya watoto wa Kiislamu. Wanachama wa African Association nao walijenga ofisi yao New Street, leo Mtaa wa Lumumba, kwa kujitolea. Ndani ya ofisi hiyo, tarehe 7 Julai 1954, TANU, chama kilichodai uhuru, ilizaliwa.

Mwenyewe hakuifikia siku hiyo. Aliondoka reli mwaka 1942, akaingia biashara moja kwa moja, akapata nafasi katika Chama cha Wafanyabiashara cha Dar es Salaam, kilichokuwa baraza la Wazungu na Wahindi. Alifariki Mei 1949. Wanawe wawili, Abdulwahid na Ally, walikuwa katika wale 17 walioasisi TANU. Mtaa wa Kipata alikoishi, kule Gerezani, sasa unaitwa kwa jina lake.

Mengi ya maisha yake tunayajua kwa sababu Kleist aliandika habari za maisha yake kabla ya kufa. Karatasi zilibaki nyumbani. Mjukuu wake Daisy, binti wa Abdulwahid, akazifanyia kazi, na makala yake ikachapishwa mwaka 1973 katika kitabu alichokihariri John Iliffe.

Sasa, ili uone tofauti, nenda Temeke. Katika Barabara ya Kilwa, kondakta wa daladala la Mbagala hupiga kelele "Kwa Aziz Ali!", na abiria wakashuka. Aziz Ali alikuwa mkandarasi tajiri wa Kiafrika aliyeishi Mtoni wakati Mtoni ikiwa nje ya mji. Alijenga misikiti, na mwanawe Dossa alikuwa mwasisi wa TANU pamoja na kina Sykes. Ni mtu wa kimo kilekile, lakini wengi wanaotaja jina lake kila siku hawajui alikuwa nani.

Wewe uliye Mtoni, Magomeni au Kinondoni, kama babu yako aliacha daftari, risiti au barua za chama katika sanduku, zitoe, zisome, ziandike. Mzee anayeweza kukufafanulia zile herufi zilizofifia mwulize mwaka huu.