Mto Kwanza, Garimoshi Baadaye



Kamati ya mkutano wetu wa mwaka huu imekubali kwamba chumba kimoja cha shule kitengwe kwa ajili ya reli ya mfano, itakayoonyesha jinsi Reli ya Kati inavyopita jirani na shule yetu, kando ya mto Mkondoa. Ni jambo jema. Lakini barua zote alizonionyesha katibu zinazungumzia injini: iwe ya mvuke au ya dizeli, iagizwe Ujerumani au Uingereza, iwe na taa au isiwe nazo. Juu ya mto hakuna hata barua moja. Juu ya nyasi ndiyo kabisa! Mimi niliyefanya kazi ya njia ya reli kwa miaka mingi, nikihangaika na matuta, makalvati na mataruma, naomba nafasi niseme kwamba tunaanzia mkiani. Na ili nisionekane mbishi tu, nitasimulia kidogo historia ya kazi hii, maana inayo historia, tena ya kuvutia.

Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig garimoshi za bati za kuchezea, pamoja na reli zake zilizotengenezwa kwa vipimo maalum, ili mtoto aweze kuongeza vipande kila mwaka. Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza garimoshi zake mwaka 1920. Zote hizo zilikimbia juu ya zulia au sakafu. Ziliuzwa stesheni za bati, madaraja ya bati na hata abiria, lakini nchi ambamo reli ilipita haikuwapo. Ilikuwa ni injini inayozunguka katika ukiwa.

Mtu aliyewafungua wengi macho ni Mwingereza John Ahern. Kabla ya Vita Kuu ya Pili alianza kujenga reli yake ya kubuni aliyoiita Madder Valley, yaani bonde la mto Madder. Angalieni jina lenyewe: reli imepewa jina la bonde. Injini zake zilikuwa ndogo na za mchanganyiko, zingine zikifuata mifano ya nchi za mbali, lakini kilichowashangaza watu ni kijiji, kinu cha maji, bandari na vilima. Mwaka 1951 alitoa kitabu kizima kuhusu namna ya kutengeneza mandhari ndogo. Tangu hapo haikuwa rahisi tena kwa mtu mzima mwenye ufundi kuweka reli juu ya ubao mtupu na kusema amemaliza.

Wa pili, na ndiye hasa ninayetaka mumfahamu, ni Roye England. Jina lisiwadanganye, huyu alizaliwa Australia, akafika Uingereza mwaka 1925 akiwa kijana, akalipenda bonde moja liitwalo Vale of White Horse, si mbali na mji wa Swindon. Akaona nyumba za kale za wakulima, zenye mapaa ya manyasi, zikibomolewa au kufanyiwa matengenezo ya kisasa yasiyofanana nazo, barabara zikipanuliwa na miti ya mipakani ikikatwa. Hakuwa na fedha za kuzinunua nyumba hizo wala uwezo wa kuwazuia wenyewe. Alichoweza ni kuzipima. Alikwenda na futi yake, akapima ukuta, dirisha na bomba la moshi, akaandika rangi ya kila kitu, kisha akarudi kuzijenga kwa kadibodi katika kipimo cha moja kwa sabini na sita, pamoja na bustani zake za mboga na maua. Mwaka 1954 alianzisha makumbusho ya Pendon katika kijiji cha Long Wittenham, ndani ya jengo lililokuwa baa. Alifariki mwaka 1995, na wenzake wa kujitolea wameiendeleza kazi. Hata Madder Valley ya marehemu Ahern imehifadhiwa hapo.

Nilipata bahati ya kufika Pendon nilipokuwa masomoni. Garimoshi hupita, ndiyo, lakini baada ya dakika tano utajikuta umelisahau. Unatazama bonde lilivyokuwa katika miaka ya 1920 na 1930. Mzee mmoja aliyesimama karibu nami alikuwa akimwonyesha mjukuu wake kichochoro, akimweleza nani aliishi wapi. Nikajiuliza: sisi tunaosema historia yetu imo vinywani mwa wazee, tumewahi kuwapa wazee wetu kitu kama hiki cha kuwanyooshea kidole?

Marekani nako alikuwako John Allen, mpiga picha wa Monterey, California. Reli yake, Gorre & Daphetid, ilijaza chumba cha chini cha nyumba; milima yake ilianzia sakafuni ikafika karibu na dari, na reli ikavuka makorongo kwa madaraja marefu. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza karibu kazi yote. Zimebaki picha zake mwenyewe. Mwenzake Linn Westcott, mhariri wa gazeti la mafundi hao, ndiye aliyeeneza njia nyepesi ya kujenga vilima: unakunja magazeti ya zamani kuwa marundo, unafunika kwa karatasi laini zilizochovywa katika plasta nyororo, na plasta ikikauka unayatoa magazeti, kunabaki gamba gumu. Udongo nao aliutengeneza kwa plasta kavu iliyochanganywa na rangi ya unga, akaichekecha juu ya gamba lililoloweshwa. Kwa magazeti, plasta na chekeche, hakuna shule yetu yoyote itakayosema imeshindwa.

Nyasi zilichukua muda mrefu zaidi kupatikana. Mwanzoni walitumia unga wa mbao uliopakwa rangi ya kijani na kumwagwa juu ya gundi. Ukiutazama kwa karibu ni unga wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Baadaye ikaja sponji iliyosagwa, ambayo kampuni ya Woodland Scenics ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1975, iliisambaza sana. Hii ilifaa kwa vichaka na majani ya miti, lakini jani la nyasi husimama, na sponji hailijui hilo. Siku hizi wanatumia nyuzi fupi za nailoni na umeme tuli. Mnajua kitana kikavu kinavyovuta vipande vya karatasi wakati wa kiangazi? Ndiyo kazi yenyewe. Nyuzi hutiwa katika chombo chenye wavu wa chuma, waya mmoja hushikizwa kwenye msumari uliochomekwa ndani ya gundi mbichi, na umeme unapowashwa kila unywele huruka na kutua wima kama bua. Kwa nyasi ndefu, mafundi wengi wa Ulaya na Marekani hukata kamba ya katani. Nilicheka niliposikia hilo. Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa katani wakati wa Uhuru, na mashamba ya Kilosa tumeyapita kwa miguu, nasi tunafikiria kuagiza nyasi za paketi kutoka ng'ambo.

Maji ndiyo mtihani. Wa zamani waliweka kioo juu ya sakafu iliyochorwa, au walipaka vanishi juu ya plasta. Kisha ikaja resini, kitu kama asali kinachogeuka kigumu na angavu kikichanganywa na dawa yake. Humiminwa kwa tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine, kwa sababu hupata joto inapoganda, na tabaka nene huweza kupasuka. Hupenda pia kupanda kingoni, ikaacha utepe wa kung'aa kwenye mchanga ambao lazima ufutwe kwa rangi isiyong'aa. Anayeijaribu afungue madirisha, maana moshi wake si mzuri kwa kifua.

Lakini hapa, vijana, msiige kila kitu. Resini angavu ni kwa vijito vya Uingereza ambavyo unaona kokoto chini. Mkondoa wa masika una rangi ya chai ya maziwa! Huo unataka plasta, rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo, mawimbi yaliyochongwa kwa kijiko, na vanishi juu, basi. Mkondoa wa kiangazi ni mchanga mpana na kamba nyembamba ya maji katikati. Na msichote mchanga wa mto mkaumwaga hivi hivi, ingawa ndio mchanga wenyewe. Tukitumia kipimo cha moja kwa themanini na saba, chembe ya nusu milimeta inakuwa jiwe la sentimeta nne na zaidi. Usagwe, uchekechwe kwa kitambaa. Reli yetu ya upana wa meta moja inakuwa milimeta kumi na moja na nusu, mtu wa kawaida sentimeta mbili, na kilometa moja ya njia inahitaji meta kumi na moja na nusu, ambazo chumba chetu hakina. Itabidi kuchagua nusu kilometa, na hapo ndipo ubishi utakapokuwa mtamu. Nyasi zetu nazo si za kijani mwaka mzima. Ni za kijani wakati wa mvua, kisha za manjano, kisha ni majivu meusi baada ya moto. Lazima tuamue ni mwezi gani tunaujenga.

Kwa nini nashikilia mto hivi? Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Wajenzi waliifuata Mkondoa kupanda milimani kwa kuwa bonde ndiyo njia rahisi, na tangu hapo reli na mto vimegombea ukingo uleule. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipasua tuta la mto Kilosa, yakawaacha maelfu bila makazi na kuikata njia kati ya Kilosa na Gulwe kwa miezi. Mto kama huu haukai mahali pamoja. Mahali tulipokuwa tukifua sare siku ya Jumamosi sasa ni shamba la mahindi. Mwembe tuliokuwa tukikaa chini yake tukihesabu mabehewa haupo, wala ukingo uliouotesha haupo. Reli mpya, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imepita mahandakini milimani, mbali na ugomvi huo. Injini za zamani zinazo picha, michoro na vipimo vyake, na zingine zimehifadhiwa. Ukingo wa mto haukuchorwa na mtu. Umo katika vichwa vya wanaume na wanawake wenye miaka sabini na themanini, nao kila mkutano wetu wanapungua. Mkutano uliopita tulisoma majina tisa.

Kwa hiyo naiomba kamati ifanye hivi. Fedha za injini zisubiri. Plasta, gundi, rangi na vanishi vinapatikana Morogoro, katani tutaomba mashambani. Wanafunzi wa jiografia wapime ukingo wa sasa mwezi wa Septemba, maji yakiwa chini. Kisha, siku ya mkutano, gamba la plasta likiwa bado jeupe, walazwe mezani kalamu na karatasi, na kila mzee aletwe aonyeshe maji yalipita wapi katika miaka yake. Watabishana, najua. Mimi na jirani yangu wa bweni tayari hatuelewani kuhusu upande uliokuwa na matete. Mistari yote iandikwe kwa penseli, pamoja na jina na mwaka, kabla mtu hajagusa brashi ya rangi.

Mimi nitaleta chekeche mbili na futi ya chuma.