Baba na Mwana katika Upinzani wa Wanandi

Msomaji, ukishika njia ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet, utapita Kapseret, na baada ya mwendo mfupi utaingia nchi ya Wanandi. Njia hiyo ni ya amani leo, lakini huko ndiko Waingereza walikopingwa kwa muda wa miaka kumi.

Tangu 1895 hadi 1905 Wanandi waliwapiga vita wageni hao. Reli ilipokuja, waling'oa vyuma na kukata nyaya za simu, wakajifanyia silaha na mapambo. Kiongozi wao alikuwa Koitalel arap Samoei, orkoiyot, yaani mtabiri na mkuu wa mambo ya ibada. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikwenda kuzungumza habari za amani na ofisa Richard Meinertzhagen, naye akampiga risasi papo hapo. Wanandi wakashindwa, wakaondolewa katika sehemu ya nchi yao.

Je, shauri liliishia hapo? La, hasha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ardhi zaidi ilitwaliwa wakapewa walowezi, kodi ikapandishwa, na biashara ya ng'ombe ikazuiwa kwa karantini. Oktoba 1923 Wanandi walikusudia kufanya saget ab eito, sherehe ambayo rika moja lilikuwa likilikabidhi rika jingine madaraka. Serikali ilihofu kwamba uasi unaandaliwa. Ikaikataza sherehe, ikamkamata Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel. Hakufunguliwa mpaka 1964, Kenya ilipokuwa imekwisha kujitawala.

Serikali ile iliweza kumfunga mtu, lakini malalamiko ya ardhi hayakufungika. Katika nchi ya Wakikuyu yalizaa vita vya Mau Mau, na mwaka 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Damu ikamwagika pande zote. Machi 1953, huko Lari, washambulizi waliua hata wanawake na watoto; Machi 1959, katika kambi ya Hola, walinzi waliwapiga wafungwa 11 hata wakafa.

Usidhani, msomaji, kwamba dhuluma huhalalisha kila pigo. Watoto wa Lari hawakuwa wametwaa shamba la mtu. Lakini usomapo habari za watu walioshika silaha, rudi nyuma miaka kadhaa, uulize walikuwa wamelalamikia nini, na nani alikataa kuwasikiliza. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.