Meli Zilizoondoka Tupu

Mto Mississippi wa Marekani tuliujua sisi walimu wa jiografia wa rika langu kama mtu amjuavyo jirani wa siku nyingi. Ulikuwamo katika muhtasari wa masomo pamoja na bonde la Tennessee na mabwawa yake, na mwanafunzi aliyejiandaa kwa mtihani alitakiwa aweze kueleza delta, mashamba ya pamba, na yale matuta marefu ya udongo yaliyojengwa kandokando ya mto ili kuzuia mafuriko. Nililifundisha somo hilo miaka mingi, kwanza katika shule ya sekondari, kisha katika chuo cha ualimu, kabla sijapewa Ukuu wa chuo na mafaili kuchukua nafasi ya chaki.

Vitabu vyetu vilieleza vizuri jinsi tuta linavyojengwa. Ni nani walioketi juu ya tuta hilo maji yalipopanda, habari hiyo haikuwamo. Niliipata katika usomaji wangu wa jioni, na tangu hapo haijaniacha. Ni habari ya mafuriko ya mwaka 1927 na ya meli za mtoni zilizopeleka dawa kwa watu waliozingirwa na maji. Namwomba msomaji anivumilie niisimulie kwa utaratibu, maana ubaya wake hauonekani mpaka wema wake uwe umeonekana kwanza.

Mvua zilianza kuzidi tangu Agosti 1926, na kufikia majira ya baridi mito inayomwaga maji yake katika Mississippi ilikuwa imejaa. Mnamo tarehe 21 Aprili 1927 tuta lilipasuka mahali paitwapo Mounds Landing, juu kidogo ya mji wa Greenville katika jimbo la Mississippi. Wamarekani Weusi waliokuwa wamelazimishwa kupanga mifuko ya mchanga mahali hapo walichukuliwa na maji, na idadi yao haikupata kujulikana kwa hakika. Matuta mengine nayo yakafuata. Eneo la kilometa za mraba zipatazo 70,000 lilifunikwa, mahali pengine kwa kina cha meta 9, na zaidi ya watu 600,000 wakapoteza makao.

Barabara zilikuwa chini ya maji, na reli vivyo hivyo. Njia iliyobaki ilikuwa ni ule ule mto ulioleta balaa. Rais Calvin Coolidge alimteua Waziri wake wa Biashara, Herbert Hoover, aongoze kazi ya msaada, naye akaweka makao yake mjini Memphis akishirikiana na Msalaba Mwekundu. Zikakusanywa meli za mvuke zenye magurudumu ya makasia, ambazo hazihitaji kina kikubwa wala gati. Mbele yake zikafungwa matishari. Kila meli ilikuwa kama mama mwenye watoto: yenyewe ilikaa penye maji makuu, na maboti madogo yalitoka kwake yakapenya katikati ya miti na mapaa ya nyumba. Viwanda vya kupasua mbao viliombwa vitengeneze maboti kwa haraka. Walikuja wavuvi, na wakaja hata wasafirishaji wa pombe ya magendo, kwa kuwa zama hizo pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani, na watu hao ndio waliokuwa na maboti ya kasi. Walinzi wa Pwani peke yao waliwaondoa hatarini watu zaidi ya 43,000. Haya ni mambo ya kusifiwa, nami nayasifu bila kusita.

Sasa tuitazame dawa yenyewe. Adui wa kwanza baada ya mafuriko huwa ni maji machafu, na homa ya matumbo ilihofiwa kuliko yote. Chanjo yake ya zama hizo haikuwa sindano moja. Ilikuwa ni sindano tatu, na kati ya moja na nyingine lilipita juma moja au zaidi. Kwa hiyo daktari aliyefika mara moja akapiga picha na kwenda zake alikuwa hajafanya kitu. Hapana budi chombo kirudi, kisha kirudi tena, na kiwakute watu wale wale mahali pale pale. Hapo ndipo kambi za Msalaba Mwekundu, zilizokuwa 154, zilipopata maana yake. Watu zaidi ya 300,000 waliishi humo, na meli ziliweza kuwafikia kwa zamu, zikileta chanjo ya homa ya matumbo na ya ndui, kwinini ya malaria, mahema na chakula.

Aidha, yalikuwapo maradhi ambayo mafuriko hayakuyaleta, ila yaliyaweka hadharani. Ugonjwa wa pelagra ulikuwa umezoeleka katika nchi ya pamba: ngozi huchubuka na kuwa nyeusi, tumbo huharisha, akili huvurugika, na mwisho wake huweza kuwa kifo. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger wa idara ya afya ya serikali ya Marekani alikwisha kuonyesha vinginevyo. Mwaka 1915 aliwapa wafungwa 11 wa kujitolea, katika shamba la magereza la jimbo hilo hilo la Mississippi, chakula cha watu maskini wa huko, na 6 kati yao wakapatwa na pelagra. Chakula chenyewe kilikuwa hasa unga wa mahindi na wanga wa namna nyingine, pasipo nyama fresh, maziwa wala mayai.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi. Ni ugali bila kitoweo, leo, kesho na mwaka mzima. Mahindi si sumu. Ugali wenye maharage, samaki au maziwa umetulea sisi sote. Lakini mkulima wa pamba wa huko, aliyelima kwa mgawo katika shamba la mwingine, aliambiwa apande pamba mpaka mlangoni mwake, akakosa mahali pa bustani na malisho ya ng'ombe. Mafuriko yalipoua hata wale mifugo wachache, Goldberger na mwenzake Edgar Sydenstricker walitembelea eneo hilo na kupendekeza hamira iliyokaushwa, dawa ya bei ndogo kabisa. Msalaba Mwekundu uligawa ratili 12,000 za hamira, yaani zaidi ya tani 5, na wagonjwa wakapona. Kirutubisho chenyewe kilichokuwa kikikosekana kilitambuliwa miaka kumi baadaye, mwaka 1937.

Nilipata kuisimulia habari hii darasani, katika miaka ya tisini, mbele ya wanachuo wa mwaka wa pili. Nilipofika hapo kwenye hamira, kijana mmoja aliyezaliwa delta ya Rufiji, mtoto wa mwenye mtumbwi, alinyosha mkono.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Hizo meli zikisha kushusha dawa zilirudi na nini? Kwetu chombo hakirudi kitupu. Kikipeleka chumvi, hurudi na mpunga. Kikipeleka mganga, hurudi na mgonjwa."

Darasa lilicheka kidogo, kama wanavyocheka vijana mwenzao anapotaja mambo ya kwao. Mimi sikucheka. Katika miaka yangu yote ya kazi sikupata kuulizwa swali lililolenga shabaha kuliko hilo.

Jibu lake liko Greenville. Tuta lilipopasuka, watu wapatao 13,000, karibu wote Wamarekani Weusi, walikimbilia juu ya tuta lililobaki. Huku palikuwa na mto, huku palikuwa na mashamba yaliyogeuka bahari, na wao walikuwa katikati, juu ya ukanda mwembamba wa udongo uliorefuka maili kadhaa. Mwenyekiti wa kamati ya msaada mjini hapo alikuwa William Alexander Percy, mshairi na mwanasheria. Aliona kwamba mahali hapo hapafai kukaa binadamu, akaamua watu wote waondolewe kwa meli wapelekwe penye usalama. Meli zikaja na matishari yake. Nafasi ilikuwapo.

Wenye mashamba wakapinga. Hoja yao ilikuwa nyepesi: watu hawa wakiondoka hawatarudi, na nani atavuna pamba? Baba yake mwenyekiti, LeRoy Percy, aliyepata kuwa seneta, alikuwa miongoni mwao. Huyu hakuwa mtu mbaya kwa kipimo cha mahali pake. Mwaka 1922 alisimama hadharani kuwapinga Ku Klux Klan. Lakini alikuwa na mashamba. Alimshauri mwanawe aiulize tena kamati yake kabla ya kutekeleza uamuzi, na kamati ilipoulizwa, wajumbe wote waligeuka. Baada ya kifo cha baba yake mwaka 1929 ndipo mwana alipofahamu, kama alivyokuja kuandika mwenyewe, kwamba mzee alikwisha kumzungukia kila mjumbe kwa siri. Basi meli zikawachukua Wazungu wachache waliotaka kuondoka, zikang'oa nanga karibu tupu, na wale maelfu wakabaki juu ya tuta wakizitazama.

Kilichofuata kilikuwa matokeo ya uamuzi huo. Kambi ililindwa na askari wenye bunduki. Mweusi hakuruhusiwa kutoka bila kibali. Watu walivalishwa vibandiko vilivyoonyesha ni wa shamba la nani, na mwanamume aliyetaka posho ya chakula alipaswa kufanya kazi, ikiwamo ile ya kupakua shehena kutoka katika meli za msaada. Hebu msomaji amfikirie mama mmoja katika kambi hiyo. Amepata sindano zake zote tatu. Homa ya matumbo haitamwua. Mtoto wake amepewa hamira, na ngozi yake imeanza kupona. Na kifuani mwake pana kibandiko chenye jina la bwana shamba. Dawa imefanya kazi yake barabara, na kwa dawa hiyo hiyo nguvukazi ya bwana imehifadhiwa.

Habari hazikufichika. Gazeti la Chicago Defender lilizitangaza, na mwanamama Ida B. Wells, mpiganaji wa siku nyingi dhidi ya dhuluma, aliandika humo kudai uchunguzi. Hoover akaunda tume ya washauri Weusi chini ya Robert Russa Moton, Mkuu wa Chuo cha Tuskegee. Jina hilo la Tuskegee si geni kwetu walimu. Tume ya Phelps-Stokes iliyotembelea Afrika Mashariki mwaka 1924, ambamo alikuwamo Mwafrika mwenzetu James Aggrey wa Gold Coast, ilitupendekezea elimu ya mfano wa Tuskegee, na Shule ya Jeanes ya Kabete, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya kuandaa walimu, ni tunda la fikra hizo. Huyo Moton, mwalimu wa walimu, aliletewa na wajumbe wake maelezo ya uchungu kutoka makambini. Alikubali mengi yasitangazwe, kwa kutumaini ahadi za Hoover kwamba watu wake watasaidiwa kupata ardhi. Hoover akachaguliwa kuwa Rais mwaka 1928. Ardhi haikupatikana, na mwaka 1932 Moton hakumuunga mkono tena.

Sheria kubwa ya kudhibiti mafuriko ilipitishwa Mei 1928, na matuta yaliyojengwa baadaye ni imara zaidi. Hayo ndiyo tuliyoyafundisha, na ni kweli. Lakini maelfu ya watu wa delta hawakungoja matuta. Maji yalipopungua na askari kuondoka, walifunga mizigo wakaelekea Chicago na miji mingine ya kaskazini. Kile ambacho wenye mashamba walikizuia kwa kuzinyima meli abiria kilitokea kwa miguu na kwa garimoshi.

Nchi yetu nayo ina mito yenye hasira. Mwaka 2024 maji ya Rufiji yalifunika nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na kila yatokeapo mambo kama hayo husomwa redioni orodha ya misaada: magunia kadhaa, mablanketi kadhaa, katoni kadhaa za dawa. Orodha hiyo ni ya lazima, nami simbezi anayeiandika. Bwana afya anayepanda boti na sanduku la chanjo, akarudi juma la pili na la tatu, ni mtu wa kuheshimiwa.

Ila orodha hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili iko katika swali la yule kijana wa Rufiji. Mgonjwa aliyepewa dawa amebaki mahali pale kwa hiari yake, kwa sababu ndipo penye shamba lake na makaburi ya wazee wake? Hiyo ni haki yake. Au amebaki kwa sababu kuna mtu anayefaidika na kubaki kwake? Mto hautaijibu tofauti hiyo, wala meli haitaijibu, kwa kuwa chombo hupakia yeyote anayeruhusiwa kukanyaga ubao. Anayepaswa kujibu ni yule anayesimama kwenye ubao huo na daftari mkononi, nasi tulio pwani tuna wajibu wa kumwuliza kabla nanga haijang'olewa.