Fahamu: Vikaragosi vya Dunia na Nchi Vinakotoka Katika Ramani

Na Mwandishi Wetu

Neno karagosi, ambalo wengi hulitamka kikaragosi, limesafiri mbali kabla ya kufika katika Kiswahili. Asili yake ni jina la mhusika mmoja wa Kituruki aitwaye Karagöz, maana yake "jicho jeusi". Waarabu walilipokea jina hilo zama za Dola ya Uthmaniyya wakalitamka kwa namna zao, na kwa njia ya Kiarabu likaingia katika lugha za pwani ya Afrika Mashariki. Leo twalitumia kwa mwanasesere anayechezeshwa jukwaani, kwa katuni za watoto, na hata kwa mtu anayeendeshwa na mwingine katika siasa.

Safari ya neno hilo inaweza kufuatwa kwa kidole juu ya ramani, na ndilo lengo la makala haya. Wanafunzi wengi hupewa ramani isiyo na majina na kutakiwa kuzitambua nchi kwa umbo tu. Zoezi hilo huwa gumu nchi inapokuwa jina tupu lisilo na kisa. Sanaa ya vikaragosi ina visa vingi, na baadhi yake vimo hatarini kupotea.

Tuanze na Uturuki. Katika ramani ni mstatili uliolala, Bahari Nyeusi ikiwa kaskazini na Mediterania kusini, na kipande kidogo cha ardhi kimevuka mlango wa bahari kuingia Ulaya. Kusini mwa Bahari ya Marmara kuna mji wa Bursa. Masimulizi ya wenyeji yasema kuwa Karagöz na mwenzake Hacivat walikuwa mafundi katika ujenzi wa msikiti mjini humo enzi za Sultani Orhan. Mizaha yao iliwafanya wenzao waache kazi kusikiliza, ujenzi ukachelewa, na wawili hao wakauawa. Hiyo ni hadithi, si historia iliyothibitishwa, lakini Bursa inaitunza kwa fahari.

Mchezo wenyewe ni wa vivuli. Sanamu hukatwa katika ngozi ya ngamia au ya ng'ombe iliyosuguliwa mpaka ikapenya mwanga, kisha hutiwa rangi na kushikwa kwa vijiti nyuma ya pazia jeupe lenye taa. Mchezeshaji ni mmoja, naye huzisema sauti zote. Hacivat ni msomi wa maneno ya madaha. Karagöz ni mtu wa mitaani anayeyaelewa maneno hayo kinyume, na humo ndimo kicheko kinamozaliwa. Zamani michezo hii ilichezwa hasa katika usiku wa Ramadhani, watu wakishafuturu, kwenye nyumba za kahawa. Mwaka 2009 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza katika orodha yake ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Wagiriki nao wana Karagiozis wao, na suala la nani mwenye mali limewahi kuleta maneno kati ya majirani hao wawili.

Misri hutambulika kwa urahisi zaidi kuliko nchi yoyote ya kaskazini mwa Afrika, kwa kuwa inakaribia kuwa mraba. Mpaka wake wa magharibi na Libya hufuata kwa sehemu kubwa mstari wa longitudo 25 Mashariki, na ule wa kusini na Sudan hufuata latitudo 22 Kaskazini. Juu kulia inaning'inia pembetatu ya Sinai. Mwanafunzi asishangae akikuta ramani mbili zinatofautiana katika kona ya kusini-mashariki: hapo pana eneo la Halaib, ambalo Misri na Sudan zote hudai kuwa ni lao.

Kikaragosi cha Misri huitwa aragoz. Hiki si cha kivuli bali huvaliwa mkononi, kikiwa na kofia nyekundu ndefu, na sauti yake nyembamba yenye kukwaruza hutokana na kifaa kidogo ambacho mchezeshaji huweka kinywani. Kifaa hicho huitwa amana, neno lile lile tulilo nalo katika Kiswahili. Kukitumia bila kukimeza, huku ukibadilisha sauti ya aragoz na ya wahusika wengine, ni ufundi wa miaka. Zamani wachezeshaji walihama kutoka mtaa hadi mtaa na kuonesha kwenye sikukuu na mawlid. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka sanaa hii katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, kwa sababu wachezeshaji waliobaki ni wachache na wengi wao ni wazee.

Mwaka huo huo wa 2018 orodha hiyo ya dharura ilipokea pia mchezo wa vivuli wa Syria, nchi iliyo chini ya Uturuki, mashariki mwa Mediterania. Wahusika wake wakuu ni Karakoz, mtu wa moyo mweupe anayedanganyika upesi, na Eiwaz, mwenzake mjanja. Mchezo ulichezwa katika nyumba za kahawa za Damascus, ukafifia baada ya kuja sinema na televisheni, kisha vita vilivyoanza mwaka 2011 vikawatawanya watu. Tazama basi jina moja lilivyo katika hali tatu: Bursa limewekewa ukumbusho, Cairo linatafutiwa warithi, na Damascus liliponea chupuchupu. Kwetu sisi limebaki neno tu, mchezo wenyewe haukufuata.

Mpaka wa Uturuki na Syria ni mahali ilipoanzia safari ya kikaragosi kimoja cha siku hizi. Mwaka 2021 mwanasesere wa urefu wa mita 3.5 aitwaye Amal, mfano wa msichana wa Kisyria mwenye umri wa miaka 9 aliye mkimbizi, alianza kutembezwa kutoka mji wa Gaziantep hadi Manchester, Uingereza, safari ya takribani kilomita 8,000. Aliundwa na Waafrika: ni kazi ya Handspring Puppet Company ya Cape Town, kundi lililoanzishwa mwaka 1981, ambalo pia liliwaunda farasi wa mchezo wa kuigiza War Horse uliooneshwa London kuanzia mwaka 2007. Mwalimu anayetaka darasa lake lijue mfuatano wa nchi za Ulaya angeweza kuchora njia hiyo ubaoni, kupitia Ugiriki, Italia, Ufaransa, Uswisi, Ujerumani na Ubelgiji, na hatakuwa na haja ya kuwakaririsha.

Italia ni ile buti inayojulikana na kila mtoto, na kisiwa cha Sicily ni kama mpira ulio karibu kupigwa teke. Kisiwani humo kuna mchezo uitwao Opera dei Pupi, ulioanza mapema katika karne ya 19, wenye visa vya mashujaa wa Mfalme Charlemagne. Miji miwili hushindana. Vikaragosi vya Palermo, pwani ya kaskazini, ni vyepesi na magoti yake hukunja. Vya Catania, chini ya mlima Etna, ni vikubwa zaidi, magoti hayakunji, na kimoja chaweza kufikia kilo 30 pamoja na deraya lake. Mtu huvichezesha kwa saa nzima, akipiga mguu chini wakati wa mapigano. UNESCO iliutangaza mchezo huu mwaka 2001.

Ufaransa ni umbo la pembe sita, na Wafaransa wenyewe huiita nchi yao kwa jina hilo. Katika mji wa Lyon, mwanzoni mwa karne ya 19, Laurent Mourguet alibuni kikaragosi cha mkononi kiitwacho Guignol, msemaji wa wafumaji hariri na watu wa chini. Jina lake lilipewa kipindi cha televisheni kilichowakejeli wanasiasa wa Ufaransa kwa vikaragosi vya mpira, nacho kikamvutia mchora katuni Godfrey Mwampembwa, maarufu kama Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam anayefanya kazi Nairobi. Mwaka 2009 kipindi cha The XYZ Show kilianza kurushwa nchini Kenya, na viongozi wakajiona runingani wakiwa na masikio na pua zilizokuzwa. Kwa maoni ya mwandishi, hicho ndicho kikaragosi kilichozungumzwa zaidi katika Afrika Mashariki, ingawa wachache waliokitazama walijua kuwa ukoo wake unaanzia kwa wafumaji wa Lyon.

Jamhuri ya Cheki na Slovakia, nchi mbili za katikati ya Ulaya zisizo na bahari, ziliachana tarehe 1 Januari 1993, hivyo ramani ya zamani bado huzionesha kama nchi moja ndefu. Katika vikaragosi hazikuachana: mwaka 2016 ziliandikishwa UNESCO kwa pamoja. Prague ndiko ulikoundwa, mwaka 1929, umoja wa kimataifa wa wachezeshaji vikaragosi, UNIMA.

Sasa tuvuke bahari yetu wenyewe. Weka kidole kwenye mstari wa ikweta nchini Kenya, uelekee mashariki, utoke katika pwani ya kusini ya Somalia. Utapita kati ya visiwa vidogo vya Maldives, na ardhi kubwa ya kwanza utakayoigusa ni Sumatra, Indonesia. Nchi hiyo ina visiwa zaidi ya 17,000 na urefu wa kilomita zipatazo 5,000 kutoka magharibi hadi mashariki. Kisiwa cha Sulawesi, chenye mikono iliyotawanyika mithili ya pweza, ndicho alama nzuri ya kuitambua. Java iko kusini mwa ikweta. Jakarta na mji wa Zanzibar vinakaribia kuwa katika latitudo moja, na msomaji anayejua joto la Unguja anaweza kukisia hali ya hewa ya huko.

Java ni makao ya wayang, jina linalohusiana na neno la huko la kivuli. Wayang ya ngozi hukatwa katika ngozi ya nyati wa kufugwa, kwa matundu madogo kama ya nakshi za milango ya Lamu, na mpini wake mara nyingi ni wa pembe. Mchezeshaji, dalang, huketi mbele ya pazia tangu usiku mpaka alfajiri. Huchezesha sanamu zote kwa mikono, hutoa sauti zote, huiongoza bendi ya gamelan, na hugonga kisanduku ili kutoa ishara. Visa vyake vikuu ni vya Mahabharata na Ramayana, vilivyotoka India, ingawa watazamaji wengi ni Waislamu. Katikati ya visa hivyo huingia Semar na wanawe, watumishi wachekeshaji, ambao huruhusiwa kusema kuhusu mambo ya leo yale ambayo wafalme wa hadithi hawawezi kuyasema. UNESCO iliitangaza wayang mwaka 2003.

Vietnam, yenye umbo la herufi S kando ya Bahari ya China Kusini, huchezesha vikaragosi juu ya maji. Sanaa hiyo ilizaliwa katika mashamba ya mpunga ya delta ya Mto Mwekundu, kule S inakotanuka kaskazini, na jiwe lenye maandishi la mwaka 1121 tayari linaitaja. Wachezeshaji husimama ndani ya maji nyuma ya pazia, wakishika miti mirefu iliyofichwa chini ya maji. Japani, ule upinde wa visiwa, ina bunraku ya mji wa Osaka: kikaragosi kimoja huchezeshwa na watu watatu, mmoja kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Kwa desturi mwanafunzi huambiwa ategemee miaka 10 ya miguu kabla ya kupandishwa mkono wa kushoto.

Mali huchanganywa mara nyingi na majirani zake. Itafute kama pembetatu mbili zilizogusana ncha, iliyo kubwa ikiwa jangwani kaskazini kwa mistari iliyonyooka ya wakoloni, na nyingine kusini, penye mvua na watu wengi. Mto Niger hupanda kutoka kusini-magharibi, hujikunja karibu na Timbuktu, kisha hushuka. Kando ya mto huo, katika mkoa wa Ségou, upo mji wa Markala, ambako jamii za Wabambara, Wabozo, Wamarka na Wasomono huonesha barakoa na vikaragosi. Sanaa hiyo iliandikishwa UNESCO mwaka 2014. Kwa Kibambara mchezo huitwa sogo bò, yaani wanyama wanatoka. Mnyama mkubwa wa fremu iliyofunikwa kwa kitambaa au nyasi huingia uwanjani kwa ngoma, mchezeshaji akiwa amejificha ndani, na mgongoni mwa mnyama huyo huchomoza vikaragosi vidogo vya wakulima na wavuvi wakiwa kazini.