Dawa ya Alice Ball, Jina la Dean
Nikisikia watu wakisema "mbinu ya Dean" huwa nakasirika. Mwaka 1915 Alice Ball, Mmarekani mweusi mwenye miaka 23, alikuwa akifundisha kemia Chuo cha Hawaii. Mafuta ya chaulmoogra yalitumika kutibu ukoma, lakini yalikuwa mazito mno. Ukidungwa, yanabaki uvimbe chini ya ngozi. Ukinywa, unatapika! Alice akazigeuza asidi zake kuwa esta za ethili, nyepesi, zinazopokelewa mwilini. Akafariki 1916, kabla ya kuchapisha. Mkuu wa chuo, Arthur Dean, akaiendeleza kazi na kuitangaza bila kumtaja. Huo ni wizi tu, hata uupambe vipi. Daktari Harry Hollmann, aliyemwomba Alice msaada mwanzoni, ndiye aliyeandika 1922 kwamba mbinu ni ya Ball. Na bamba la kumkumbuka chuoni? Liliwekwa 2000. Miaka 84 jamani!