Makala Zilizoanzia Leba ya Haydom

Mwaka 1955 wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali huko Haydom, kwenye nyanda za juu za Mbulu. Mwaka huohuo Mmarekani Eugene Garfield alichapisha katika jarida la Science pendekezo la kuweka kumbukumbu ya nani amemnukuu nani katika maandishi ya sayansi. Mambo hayo mawili hayakujuana. Yangekuja kukutana baada ya zaidi ya nusu karne.

Wazo la Garfield lilizaa hesabu ambazo leo watafiti hupimiwa. Mwaka 2005 Jorge Hirsch akaongeza kipimo kingine: mwenye alama 20 ni yule ambaye makala zake 20 zimenukuliwa angalau mara 20 kila moja. Vyuo vinakipenda kwa kuwa ni rahisi kukisoma. Ila kipimo hicho hakikwambii makala ipi ilizaliwa na swali gani. Hilo hujulikana kwa kuzifuata moja baada ya nyingine, na msomaji wa Manyara hana haja ya kwenda mbali kuzitafuta: Haydom imo mkoani kwake.

Mwishoni mwa 2009, Hege Ersdal, daktari wa usingizi kutoka Stavanger, pamoja na Estomih Mduma wa Haydom na wenzao, waliweka wasaidizi wa utafiti leba, usiku na mchana. Kazi yao ilikuwa kutazama na kuandika muda: mtoto ametoka lini, amelia lini, na kama hakulia, mkunga ameanza lini kumpumulisha kwa mfuko na barakoa. Wasaidizi hao ndio waliokesha na saa mkononi. Hesabu za kunukuliwa haziwafikii.

Kutokana na watoto 5,845, makala iliyotoka mwaka 2012 katika jarida la Resuscitation ilionyesha kwamba, kwa mtoto anayehitaji kupumulishwa, kila sekunde 30 za kuchelewa ziliongeza hatari ya kifo au ya kulazwa kwa muda mrefu kwa asilimia 16. Wakunga walijua tangu zamani kwamba kuchelewa kunaua. Sasa ikajulikana kunadhuru kwa kiasi gani.

Mwaka 2013 zikatoka makala mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Ya kwanza, iliyoongozwa na Georgina Msemo katika jarida la Pediatrics, ilihusu hospitali nane za Tanzania zilizopokea mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua. Vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vilikuwa vimepungua kwa asilimia 47. Habari njema kama hiyo husafiri haraka.

Ya pili ilitoka Haydom kwenyewe, na haikuwa na sherehe. Baada ya kozi ya siku moja, wahudumu walifanya vizuri zaidi kwa mwanasesere wa mafunzo, lakini walipofika leba, huduma kwa watoto halisi haikubadilika. Kwangu mimi hii ndiyo makala yenye uzito kuliko zote. Wengi wangeifungia kabatini. Hawa waliichapisha, tena wakaifanya kuwa swali: ikiwa siku nzima darasani haitoshi, kitu gani kitatosha?

Jibu lilikuwa dogo kwa umbo. Wakaacha kutegemea kozi, wakaweka mazoezi mafupi ya dakika chache palepale kazini, yanayorudiwa kila wiki. Makala ya 2015, safari hii jina la Mduma likiwa la kwanza, iliripoti kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Bila makala ya kushindwa, hii isingeandikwa.

Mazoezi hayo, yakiunganishwa na vifaa na ufuatiliaji wa takwimu, yakapelekwa katika hospitali 30 za mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika New England Journal of Medicine, jarida la Boston ambalo madaktari wengi duniani huota kuandikia. Vifo vya watoto wakati wa uchungu na katika saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Mwandishi wa kwanza ni Benjamin Kamala, wa idara ya utafiti ya Haydom.